Majaribio ya ulinganifu wa uthibitishaji wa utatuzi kwenye chipu: mwongozo kamili hadi mlango wenyewe upimwe

Majaribio haya hupima kama chipu inafuata itifaki ya kumthibitisha anayeomba utatuzi (debug), yaani kuingia ndani ya chipu kusoma na kudhibiti kinachoendelea. Wanaoyajenga hukwama sehemu mbili. Wa kwanza hawavuki hata saini ya kwanza: ubao unakataa kila kitu na sababu haionekani. Wa pili wanavuka, kila jaribio linatoka kijani, kumbe mlango wa utatuzi ulikuwa wazi tangu mwanzo, au umebaki wazi baada ya kikao kufungwa. Kundi la pili ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayelalamika.

Mifano ya hapa inafuata ADAC (Authenticated Debug Access Control), itifaki ya Arm ya kuthibitisha anayeomba utatuzi, kwa saini za kidijitali za aina ya ECDSA P-256. Ukitumia itifaki nyingine ya changamoto na jibu (chipu hutoa namba ya nasibu, anayeomba huitia saini), majina yatabadilika lakini hatua zitabaki zilezile.

## Vitu vya kuandaa

- Bao 3 za aina moja. Ya kwanza iwe bado katika hatua ya maisha ya kiwandani, ya pili iwe imefungwa (katika mpangilio wa PSA, mfumo wa usalama wa Arm, hatua hiyo ni 0x3000) kwa funguo za majaribio, ya tatu ni ya akiba.
- Proba (kifaa cha kuunganisha kompyuta na ubao) ya SWD au JTAG, inayokuruhusu kusoma rejista za DP (upande unaozungumza na proba) na AP (njia ya kuingia kwenye kumbukumbu ya chipu) moja kwa moja. Waya ya nRESET, ya kuanzisha chipu upya, lazima iunganishwe.
- Swichi ya umeme inayoamriwa na kompyuta. Kubonyeza nRESET si sawa na kukata umeme, na majaribio mengine hapa yanahitaji umeme ukatike kweli.
- Waya ya UART ya kusoma ujumbe wa kuwaka kwa ubao.
- Kompyuta ya Linux yenye Python 3, pytest, maktaba ya `cryptography`, pamoja na OpenOCD au pyOCD, programu za kuiendesha proba.
- Hati ya vipimo vya itifaki, na hati ya chipu inayoeleza kila biti ya ruhusa inafungua nini. ADAC ina biti 128 za ruhusa. Bila hati ya chipu utakuwa unapima namba tu.
- Jozi 4 za funguo: mzizi, ufunguo wa kati, jani (mzizi huthibitisha wa kati, wa kati huthibitisha jani), na mzizi wa uongo ambao ubao haujawahi kuusikia.

Onyo. Hashi (muhtasari wa kihisabati) ya ufunguo wa mzizi kwa kawaida huandikwa kwenye fyuzi za chipu, na fyuzi ikishachomwa hairudi. Usiweke ufunguo wa uzalishaji kwenye ubao wa majaribio, wala usipeleke ubao kwenye hatua iliyofungwa kabla hatua ya 4 hapa chini haijapita kwenye kiigizi (programu inayoiga chipu). Kosa la mpangilio wa baiti kwenye hashi hiyo linageuza ubao kuwa kokoto.

## Hatua ya 1: Geuza vipimo kuwa madai

Pitia hati ya vipimo na utoe kila sentensi yenye "lazima" au "ni marufuku". Kila moja ipe namba, kisha andika safu tatu: ni nini kinapaswa kutokea, ni nini hakipaswi kutokea, na ushahidi utauona wapi.

Safu ya tatu ndiyo watu huiruka. "Ubao ulijibu SUCCESS" ni ushahidi wa kwamba ubao ulituma namba sifuri, basi. Ushahidi wa kwamba utatuzi umefunguka au umefungwa uko kwenye rejista za mlango wenyewe. Kama dai halina sehemu ya kuonekana kutoka nje, liandike hivyo waziwazi na ulipeleke kwenye mapitio ya msimbo. Usilibunie jaribio la kujifariji.

Umefanikiwa ukiona: kila dai lina angalau jaribio moja la kukubali na moja la kukataa.

## Hatua ya 2: Tengeneza kiwanda cha vyeti, vizuri na vibovu

Zana rasmi za kutengeneza vyeti mara nyingi hazikupi nafasi ya kutengeneza cheti kibovu, na vibovu ndivyo utakavyovihitaji zaidi. Andika chako mwenyewe. Kila uga upokee thamani yoyote: wajibu, hatua ya maisha, daraja la chipu, kitambulisho cha chipu, barakoa ya ruhusa (biti zinazosema kipi kinaruhusiwa), urefu wa viendelezi.

Hapa ndipo kundi la kwanza hukwamia. Maktaba nyingi hutoa saini ya ECDSA ikiwa imefungashwa kwa muundo uitwao DER, baiti 70 hadi 72 mara nyingi. Itifaki inataka saini ghafi: r baiti 32 ikifuatwa na s baiti 32, jumla 64 kamili. Ufunguo wa umma nao ni X na Y tu, baiti 64, bila ile baiti 0x04 inayotangulia kwenye miundo mingine.

```python
import struct
from cryptography.hazmat.primitives import hashes
from cryptography.hazmat.primitives.asymmetric import ec
from cryptography.hazmat.primitives.asymmetric.utils import decode_dss_signature

def saini_ghafi(ufunguo, data):
    der = ufunguo.sign(data, ec.ECDSA(hashes.SHA256()))
    r, s = decode_dss_signature(der)
    return r.to_bytes(32, "big") + s.to_bytes(32, "big")

def pakiti(amri, mwili=b""):
    mwili += b"\0" * (-len(mwili) % 4)
    return struct.pack("<HHI", 0, amri, len(mwili) // 4) + mwili
```

Angalia tofauti iliyojificha hapo: kichwa cha pakiti kinaandikwa baiti ndogo kwanza, ilhali r na s ni kubwa kwanza. Ukichanganya, ubao hautakuambia. Utasema tu saini si halali.

Mtego mwingine uko kwenye tokeni, yaani ombi la mwisho linalotiwa saini kwa ufunguo wa jani. Saini ya tokeni inajumuisha changamoto, lakini changamoto yenyewe haisafiri ndani ya tokeni. Unaiunganisha mwishoni mwa data inayotiwa saini, unatia saini, kisha unatuma tokeni bila hiyo changamoto.

Umefanikiwa ukiona: kithibitishaji kidogo ulichokiandika kando, bila kutumia msimbo wa kiwanda, kinakubali mlolongo mzima wa vyeti na tokeni. Ukitumia msimbo uleule kutengeneza na kukagua, kosa moja litajificha pande zote mbili.

## Hatua ya 3: Jenga kiungo, na uhesabu baiti

Pakiti ya ADAC ina kichwa cha baiti 8: baiti 2 zilizohifadhiwa, 2 za amri au hali, na 4 za hesabu ya data. Hesabu hiyo ni ya *maneno ya biti 32*. Ndani ya pakiti kuna vipande vya TLV (aina, urefu, thamani), na urefu wa TLV ni wa *baiti*. Vipimo viwili tofauti ndani ya ujumbe mmoja. Makosa mengi ya "ubao umenyamaza" yanaanzia hapo. Changamoto, kwa mfano, ni baiti 36 (4 za toleo na nafasi, 32 za nasibu), kwa hiyo hesabu ya data lazima isome 9.

Kama chipu inatumia SDC-600 ya CoreSight (familia ya Arm ya sehemu za utatuzi) kama njia ya mawasiliano, kuna tabaka jingine. Baiti zote kuanzia 0xA0 hadi 0xBF zimetengwa kuwa bendera: 0xAC inaanza ujumbe, 0xAD inaumaliza. Baiti ya data inayoangukia humo lazima itanguliwe na 0xAE, kisha itumwe ikiwa imezimwa biti ya juu.

```python
def funga(data):
    nje = bytearray([0xAC])
    for b in data:
        if (b & 0xE0) == 0xA0:
            nje += bytes([0xAE, b & 0x7F])
        else:
            nje.append(b)
    nje.append(0xAD)
    return bytes(nje)
```

Data 0xAC inatoka kama 0xAE 0x2C. Mtu akisahau tawi hilo, ugunduzi utafanya kazi, kwa sababu majibu yake mara nyingi ni namba ndogo. Changamoto ndiyo itakayovunjika. Baiti moja katika kila nane za nasibu huangukia kwenye eneo la bendera, kwa hiyo uwezekano wa changamoto ya baiti 32 kupita salama ni kama asilimia 1.4. Saini ya baiti 64 ni chini ya asilimia 0.02. Ukiona jaribio linalopita mara moja kwa siku nzima bila sababu, usilaumu proba; tazama hapa kwanza.

Kwa hiyo jaribio la kwanza la kiungo lisiwe na usimbaji fiche wowote: tuma data yenye baiti zote 256 kwa mfuatano, uipokee, ulinganishe.

Halafu muda. Chipu nyingi husikiliza uthibitishaji ndani ya dirisha fupi wakati wa kuwaka. Shikilia nRESET chini, unganisha proba, andaa kiungo, ndipo uachie. Ukiunganisha baada ya ubao kuwaka unaweza kukuta hakuna anayesikiliza, ukadhani umekataliwa.

## Hatua ya 4: Endesha kila kitu kwenye kiigizi kwanza

Chukua msimbo wa upande wa chipu, uukusanye kama programu ya Linux, na badala ya SDC-600 weka soketi. Majaribio yasijue tofauti: tabaka la kiungo libadilishwe kwa chaguo moja la pytest.

Kwenye kiigizi unapata mambo mawili ambayo ubao haukupi. Unaweza kuwasha vikaguzi vya kumbukumbu ili usomaji uliopita mpaka uonekane papo hapo, na unaweza kuvunja msimbo kwa makusudi, jambo tutakalolihitaji hatua ya 8.

Umefanikiwa ukiona: majaribio yote ya itifaki yanapita, na yale ya mlango wa kweli yanaripotiwa "hayakuendeshwa". Neno hilo lisihesabiwe kuwa kufaulu popote kwenye ripoti.

## Hatua ya 5: Njia halali, kisha pima mlango

Mfuatano ni huu:

1. `ADAC_DISCOVERY_CMD`: ubao utaje toleo, aina za saini, kitambulisho chake na hatua yake ya maisha.
2. `ADAC_AUTH_START_CMD`: pokea changamoto.
3. `ADAC_AUTH_RESPONSE_CMD` mara moja kwa kila cheti, kuanzia mzizi. Jibu linalotarajiwa kila mara ni `ADAC_NEED_MORE_DATA`.
4. `ADAC_AUTH_RESPONSE_CMD` yenye tokeni. Jibu ni `ADAC_SUCCESS`.

Sasa sahau hilo jibu la mwisho, nenda mlangoni.

Kwenye MEM-AP (AP ya kumbukumbu) soma CSW, rejista yake ya udhibiti na hali. Biti ya 6 inasema kama AP inaweza kupitisha maombi, ya 23 inasema kama utatuzi wa upande salama (sehemu ya chipu iliyotengwa kwa siri zake) umeruhusiwa. Kwa OpenOCD ni amri ya `apreg` kwenye AP husika, rejista 0x00. Kwenye kiini cha Armv8-M soma pia DAUTHSTATUS, rejista ya hali ya ruhusa za utatuzi, anwani 0xE000EFB8, baiti ya chini tu:

- 0xAA: vyote vipo, vyote vimefungwa.
- 0xAF: upande usio salama umefunguka, salama umefungwa.
- 0xFF: vyote wazi.

Tokeni iliyoomba upande usio salama peke yake ikikuletea 0xFF, umepata hitilafu kubwa, hata kama itifaki yote ilijibu vizuri.

Usiishie kwenye rejista za hali. Weka neno linalojulikana kwenye kumbukumbu salama, jingine kwenye isiyo salama, na ujaribu kuyasoma yote mawili kabla ya uthibitishaji, baada yake, na baada ya kufunga. Ombi la upande salama linahitaji CSW iwekwe kwa ufikiaji salama. Ukiliacha kama ombi la kawaida litakataliwa daima, nawe utaandika "salama umefungwa" pasipo kuugusa.

Onyo la kufungwa kwa uongo. Usomaji uliokataliwa hurudisha FAULT na kuinua STICKYERR, bendera ya kosa, kwenye DP. Kuanzia hapo kila ombi la AP linakataliwa hadi uandike STKERRCLR, yaani biti ya 2 ya rejista ya ABORT. Jaribio lisilofuta kosa hili litaona mlango "umefungwa" mara ishirini mfululizo, wakati lililofungwa ni proba yake lenyewe. Kila baada ya usomaji uliokataliwa: futa kosa, kisha soma IDR (rejista ya utambulisho) ya AP kwenye 0xFC. Ikirudi na thamani yake ya kawaida, kiungo ki hai na kukataliwa kulikuwa kwa kweli. Isiporudi, jaribio ni batili. Usilihesabu upande wowote.

Umefanikiwa ukiona: umefungwa kabla, umefunguka kwa kiasi kilichoombwa tu, umefungwa tena baada ya `ADAC_LOCK_DEBUG_CMD` na baada ya kuwashwa upya.

## Hatua ya 6: Njia mbovu

Hapa ndipo kazi ilipo. Kanuni moja tu: haribu kitu kimoja kwa wakati, vingine vyote vibaki halali. Cheti chenye saini mbovu na wajibu mbovu kikikataliwa, hujui kilikataliwa kwa lipi, na huenda ukaguzi mmoja haupo kabisa.

Saini. Geuza biti moja ya r, kisha moja ya s. Tuma saini ya sifuri tupu, baiti zote 64. Hili si jaribio la kubahatisha: mwaka 2022 Java iliripotiwa kukubali saini ya aina hiyo ya ECDSA, na hitilafu ikaandikwa kama CVE-2022-21449. Tia saini kwa mzizi wa uongo.

Mlolongo. Tuma jani bila cheti cha kati, cheti cha kati mara mbili, jani likitumika kutia saini jani jingine, na tokeni kabla ya cheti chochote.

Masharti. Badilisha biti moja ya kitambulisho cha chipu kwenye cheti, kisha utie saini upya vizuri. Fanya hivyohivyo kwa daraja la chipu na hatua ya maisha. Watu husahau kutia saini upya, wakapima saini mara ya tatu wakidhani wamepima kitambulisho.

Ruhusa. Ruhusa ya mwisho ni makutano ya tokeni na barakoa za vyeti vyote. Nyima biti kwenye cheti cha kati pekee, uiombe kwenye tokeni, kisha uipime mlangoni. Rudia kwa kila biti ambayo hati ya chipu imeipa maana. Inachosha, ndiyo, lakini biti iliyounganishwa kwenye waya usio wake haipatikani kwa njia nyingine.

Urefu. Hesabu ya data 0xFFFFFFFF, sifuri, na hasa 0x40000000: hiyo ikizidishwa kwa 4 ndani ya biti 32 inarudi sifuri na kuupita ukaguzi wa ukubwa ulioandikwa kwa haraka. Kisha TLV inayodai kuwa ndefu kuliko pakiti iliyoibeba.

Mpangilio. Jibu bila kuanza. Anza mara mbili, halafu ujibu changamoto ya kwanza. Funga kikao katikati ya mlolongo, kisha utume tokeni.

Baada ya kila kosa fanya mambo mawili: pima mlango, kisha endesha njia halali ya hatua ya 5 kuanzia mwanzo. Ubao unaokataa vizuri lakini ukaganda una hitilafu pia.

## Hatua ya 7: Changamoto zisizojirudia

Kusanya changamoto 1000 bila kuzima ubao. Hata mbili zisifanane. Hilo ni rahisi na karibu kila ubao unalipita.

Jaribio lenye meno ni jingine: kata umeme, subiri sekunde 5, washa, chukua changamoto ya *kwanza* tu, hifadhi. Rudia mara 200. Kizalishaji cha nasibu kisichopandwa mbegu wakati wa kuwaka kitatoa changamoto tofauti ndani ya kikao, lakini kitaanza palepale kila asubuhi. Hapo tokeni iliyonaswa jana inafungua mlango leo.

Malizia kwa kurudia: hifadhi tokeni iliyokubaliwa, anzisha kikao kipya, itume ilivyo. Ijaribu pia ndani ya kikao kilekile baada ya kushindwa, kwa sababu msimbo fulani husahau kufuta changamoto iliyokwisha tumika.

## Hatua ya 8: Jaribu majaribio

Rudi kwenye kiigizi, vunja msimbo wa chipu kitu kimoja kimoja: ondoa ukaguzi wa saini, ondoa ukaguzi wa kitambulisho, badilisha makutano ya ruhusa yawe muungano, fanya changamoto iwe thabiti. Kwa kila uvunjaji, angalau jaribio moja lazima ligeuke jekundu, na liwe lile linalohusika.

Lisipogeuka lolote, una dai kwenye jedwali lisilo na mlinzi. Uvunjaji wa aina 15 hadi 20 unatosha kuonyesha mapengo makubwa.

## Hatua ya 9: Kuendesha na kuripoti

Panga mbio ziwe na tabaka mbili. Ya kiigizi iendeshwe kila msimbo unapobadilika. Ya ubao iendeshwe usiku, ikianza na kuishia kwa kukata umeme.

Kila jaribio liwe na ukomo wa muda, na ukomo ukifika matokeo ni "kosa la mazingira" mpaka IDR ya AP isomeke. Andika kwenye logi mbegu ya nasibu, baiti zote zilizotumwa na kupokelewa, toleo la programu dhibiti, na kitambulisho cha ubao. Funguo za siri zisiingie kwenye logi hata kama ni za majaribio. Mazoea hayo huhamia kwenye zile za kweli.

Toa matokeo kwa `--junitxml` ya pytest, jina la kila jaribio likibeba namba ya dai kutoka jedwali la hatua ya 1. Jaribio likishindwa kwenye ubao lakini likapita kwenye kiigizi, fuata mpangilio huu: baiti za kiungo kwanza, dirisha la kuwaka la pili, waya za ruhusa ndani ya chipu mwisho.